Shaka ya Mwanariadha na Yakini Tunayomdai

Kila msafara wa wanamichezo wetu unapokaribia kuondoka nchini kwenda katika mashindano ya mataifa, hufanyika hafla ambayo wasomaji wa gazeti hili wameiona mara nyingi katika picha: kiongozi wa serikali, amesimama mbele ya vijana waliovaa sare mpya, humkabidhi nahodha wao bendera ya Taifa, husema maneno ya kuwatia moyo, kisha hunyamaza kidogo kumpisha nahodha huyo naye aseme, na nahodha, ambaye kwa kweli hana hiari katika jambo hili, huahidi mbele ya viongozi na waandishi kwamba hawatarudi mikono mitupu. Ahadi hiyo ikishatamkwa watu hupiga makofi, na kesho yake huwa kichwa cha habari. Sijapata kusikia hafla hata moja ambayo mwanamichezo aliombwa aeleze ni nini kinachomtia wasiwasi.

Katika ulimwengu wa michezo ya kulipwa swali la wasiwasi huo ni la siku nyingi, na makocha, wataalamu wa saikolojia na wachezaji wenyewe wamelijadili bila ya kufikia suluhu: ni kipi kimsukumacho mbali zaidi mtu ambaye riziki yake imo miguuni mwake, yakini aliyo nayo juu ya uwezo wake, ama shaka inayomwamsha usiku akajiuliza kama anatosha? Jawabu la umma wetu linajulikana. Tunampenda mwanariadha asemaye kwa sauti kubwa, tunamwamini akiapa, na tunamdhania kuwa mwoga, pengine hata msaliti, yule athubutuye kusema kabla ya mashindano kwamba wapinzani wake ni hodari na kwamba yeye mwenyewe hajui yatakayokuwa. Mimi nakhitalifiana na jawabu hilo. Naona kwamba shaka, ikipewa muda na ikapewa kazi ya kufanya, ndiyo imjengayo mwanariadha. Kwamba yakini ya kweli, ile isiyoyeyuka katika mzunguko wa mwisho, ni mzawa wa shaka hiyo. Na kwamba sisi, kwa mazoea yetu ya kudai yakini kabla ya safari na kutoa lawama baada yake, tunawanyima vijana wetu kitu wanachokihitaji kuliko makofi.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi na ambao bado haujasahauliwa. Asubuhi ya tarehe 15 Septemba 2025, katika Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo, Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa Singida, alirejea uwanjani baada ya zaidi ya kilomita 41 za joto na unyevu akiwa hana uongozi wa mbio wala hakika ya ushindi; Amanal Petros wa Ujerumani na Iliass Aouani wa Italia walikuwa bado wakiigombea dhahabu pamoja naye, na katika mita za mwisho Petros ndiye aliyeonekana kuwa bingwa. Simbu akamfukuza Mjerumani yule mpaka hatua ya mwisho kabisa, wote wawili wakajitupa kwenye mstari kwa pamoja, na waamuzi wakalazimika kuitazama picha ndipo wakajua nani kamtangulia nani. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sehemu 3 katika 100 za sekunde moja. Tanzania, ambayo tangu mashindano hayo yaanze Helsinki mwaka 1983 haikuwa imepata dhahabu hata moja, ikaipata siku hiyo kwa muda usiotosha mtu kupepesa jicho.

Waandishi walipomwuliza, Simbu hakujifanya kuwa alijua. Alieleza kwamba alipoingia uwanjani hakuwa na uhakika kuwa atashinda, na kwamba hata baada ya kuvuka mstari hakujua kuwa ameshinda mpaka alipoliona jina lake limeandikwa juu katika ubao wa matokeo. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi moyoni mwangu, kwa sababu ni maneno ambayo yasingepata nafasi katika hafla ya bendera. Bingwa wa dunia anatuambia kwamba hakuwa na yakini! Na mimi nasadiki kwamba lau angekuwa nayo, ya namna yoyote ile, huenda medali ingekwenda Ujerumani. Kwa maana mwenye yakini ya kushinda hulegeza mwili hatua moja kabla ya mstari, na mwenye yakini ya kushindwa huiridhia nafasi ya pili hatua kumi kabla, ilhali yule asiyejua hana budi kukimbia mpaka mwisho.

Wala shaka hiyo haikumzukia siku ile tu. Mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Simbu alimaliza wa tano. Mwaka uliofuata, katika Mashindano ya Dunia yaliyofanyika London, akapata shaba. Mwaka 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo, akawa wa saba. Na mwezi Aprili 2025 mjini Boston akawa wa pili. Ni miaka tisa ya kukaribia. Msomaji afikiri maana ya jambo hilo kwa mtu wa marathoni, ambaye mwili wake haumruhusu kushindana kila juma kama mchezaji wa mpira, bali humpa nafasi mbili, pengine tatu, katika mwaka mzima, hata kila kushindwa kukamkalia miezi mingi kabla hajapata nafasi ya kukufuta. Mtu aliyepita huko akasema kwamba hajapata kujishuku, ama hasemi kweli, ama hakuwa akisikiliza. Na aliyejishuku kisha asubuhi ya pili akavaa viatu akatoka kwenda kukimbia, huyo amekwisha kufanya jambo ambalo hotuba hailiwezi.

Wapo watakaonipinga kwa kulitaja jina moja tu, na jina hilo ni Filbert Bayi. Nalipokea kwa taadhima, kwa kuwa hakuna mwanamichezo wa Tanzania aliyepata kuonekana mwenye yakini kama yeye. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, kijana huyo wa Karatu aliyekuwa na umri wa miaka 20 alisimama kwenye mstari wa mita 1,500. Hekima ya wakati ule ilisema kwamba mkimbiaji mwenye akili hujificha nyuma ya wenziwe, akawaachia wao kazi ya kuupasua upepo, akangoja mita 200 za mwisho ndipo afungue mbio. Bayi alitoka mbele tangu bastola ilipolia. Kabla mbio hazijafika nusu alikwisha kuwaacha wenziwe kwa masafa ya kutisha, kiasi cha wengi kudhani kwamba ataishiwa na pumzi na kumezwa na kundi. Naye akabaki mbele mpaka mwisho, huku John Walker, mwenyeji wa nchi ile, akimkaribia hatua kwa hatua katikati ya kelele za watu wake asimpate. Dakika 3 na sekunde 32.2: rekodi mpya ya dunia. Walker mwenyewe aliivunja rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun, iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1967, na malipo yake yakawa fedha. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akaiondoa na rekodi ya maili ya Ryun huyohuyo kwa dakika 3 na sekunde 51.0.

Nani atathubutu kusema kwamba mtu kama huyo alisukumwa na shaka? Mimi nathubutu, ingawa sikusudii kusema kwamba aliogopa, wala sidai kuijua siri ya moyo wake. Nazisoma mbio zake kama msomaji asomavyo maandishi. Mkimbiaji anayeamini kwamba kasi yake ya mwisho inawazidi wote hana haja ya kujitesa mbele ya kundi kwa mizunguko mitatu. Atakaa nyuma kwa raha zake, kisha wakati ukifika atawapita. Atokaye mbele mapema ni yule aliyekwisha kuuliza swali gumu, kwamba je, mambo yakibaki mpaka mita 100 za mwisho, nitamweza Walker? Na kwa kuwa hakuona jawabu la kumridhisha, akaziunda mbio upya kwa namna ambayo mita 100 za mwisho zisingekuwa na amri tena. Shaka juu ya jambo moja ilimzalia ujasiri katika jambo jingine. Aliyeridhika na nafsi yake asingeigundua njia hiyo, kwa sababu asingekuwa na sababu ya kuitafuta.

Swali lililobaki kati yake na Walker halikupata kujibiwa mahali ambapo dunia nzima ililingoja. Mwaka 1976 mataifa ya Afrika, Tanzania ikiwamo, yalisusia Olimpiki ya Montreal kwa ajili ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand katika Afrika Kusini ya ubaguzi, na Walker akachukua dhahabu bila ya Bayi kuwapo. Miaka minne baadaye, mjini Moscow, Bayi aliingia katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akaongoza kwa desturi yake ileile, mbali mbele ya wote, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland alipomkamata katika mzunguko wa mwisho. Fedha hiyo, pamoja na ile aliyoipata Suleiman Nyambui katika mita 5,000 kwenye michezo hiyohiyo, ndizo medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania imezipata mpaka leo ninapoandika. Namna ileile ya kukimbia ilimpa dhahabu mara moja na fedha mara ya pili, na mara zote mbili alijiweka mahali ambapo, kama angekamatwa, ulimwengu mzima ungeona. Ushujaa wa aina hiyo hautokani na kuambiwa na watu kwamba utashinda.

Waliosomea elimu ya nafsi wanatuongezea hoja. Albert Bandura, mtaalamu mzaliwa wa Kanada aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake ina asili kadhaa, na kwamba asili iliyo imara kuliko zote ni kazi ambayo mtu mwenyewe amekwisha kuitenda na kuiona imefaulu. Kumwona mwenziwe wa hali moja naye akifaulu kunasaidia. Ama maneno ya wengine kwamba unaweza, hayo nayo yamo, lakini ni dhaifu, na hubomoka mara yakutanapo na kushindwa kwa kweli. Hafla zetu za bendera zimejengwa zote juu ya asili hiyo dhaifu. Na mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walichapisha habari za jaribio walilowafanyia warukaji kamba hodari, ambamo baadhi yao walipunguziwa kujiamini kwa makusudi kabla ya kuruka. Hao waliopunguziwa ndio waliopata maendeleo kuliko wale walioachwa kama walivyokuwa. Jaribio moja la kamba halitoshi kuwa sheria ya michezo yote, na sitaki kulitwisha mzigo usio wake; walakini linaafikiana na yale ambayo wazee wa pwani waliyajua bila ya maabara, kwamba nahodha asiyeiogopa bahari hazikagui kamba zake kabla ya kung'oa nanga.

Bara letu limeshuhudia jambo hilo katika ulingo pia. George Foreman alipofika Kinshasa mwaka 1974 alikuwa na kila sababu ya yakini: Joe Frazier alimmaliza katika raundi mbili, Ken Norton akammaliza katika raundi mbili vilevile, na wote hao wawili walikwisha kumshinda Muhammad Ali. Kwa muda mrefu hakuwa na haja ya kujiuliza atafanya nini mchezo ukifika raundi ya saba, kwa kuwa hakuna aliyedumu naye kiasi hicho; na usiku wa tarehe 30 Oktoba, Ali alipojiegemeza kwenye kamba akayapokea makonde yake, Foreman aliendelea kupiga mpaka mikono ikamchoka, akaangushwa katika raundi ya nane. Watu humtaja Ali kuwa ndiye mfano mkubwa wa kujiamini, na kinywa chake kilistahili sifa hiyo. Lakini mwaka 1964 mjini Miami, asubuhi ya kupimwa uzito kabla ya kupigana na Sonny Liston, mapigo ya moyo wake, ambayo kwa kawaida yalikuwa kama 54 kwa dakika, yalipimwa yakaonekana 120, na daktari wa mashindano akasema kijana huyu ana hofu. Kama makelele yale yalikuwa mchezo wa kumtisha Liston ama yalikuwa pazia la kuficha moyo unaodunda, wanahistoria wataendelea kubishana. Lililo dhahiri ni kwamba, Miami na Kinshasa alikokwenda akiwa amepewa nafasi ndogo na wengi wa wajuzi, alikuwa amejitayarisha kama mtu ajuaye kwamba anaweza kushindwa.

Na Eliud Kipchoge, ambaye ameufundisha ulimwengu kwamba mwanadamu hana mpaka? Tuitazame na historia yake iliyo nyuma ya maneno. Mwaka 2012 alishindwa kupata nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London, yeye aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Ndipo akahamia marathoni, akashinda Hamburg mwaka uliofuata. Huko Monza mwaka 2017 alijaribu kukimbia marathoni chini ya saa 2, akaikosa kwa sekunde 25, akarudi kambini Kaptagat, na mwaka 2019 mjini Vienna, katika mbio zilizoandaliwa mahususi kwa ajili hiyo, akakimbia saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Miaka yote hiyo amekuwa akiandika mazoezi yake ya kila siku katika madaftari. Mtu anayejiamini bila ya shaka yoyote anaandika daftari la nini? Daftari ni ushahidi anaojikusanyia mtu ambaye moyo wake utamhoji, na ambaye anataka siku ya kuhojiwa awe na jawabu lililoandikwa.

Mpira wa miguu katika nchi zetu umepata njia nyingine ya kuikwepa shaka, nayo ni kuinunua yakini kwa fedha. Kila shabiki anajua ni nini kinachokusudiwa pale "kamati ya ufundi" inapotajwa kwa kunong'onezwa. Anajua kwa nini timu huukataa mlango wa kawaida ikaparamia ukuta, kwa nini chumba cha kubadilishia nguo hukimbiwa na wachezaji wakavalia ndani ya basi, na kwa nini hakuna mtu anayetaka kuwa wa kwanza kulikanyaga lango. Siwacheki wanaofanya hayo, kwa maana mchezaji aliyefungwa hirizi ana moyo uleule wa mchezaji mwingine, na hofu yake ni ya kweli. Linalonisikitisha ni kwamba hofu hiyo imeporwa kabla haijamfaa. Shaka iliyopaswa kumpeleka mazoezini jioni, akapige mipira ya adhabu mpaka giza liingie, imempeleka kwa mganga, naye amerudi akiwa mwepesi wa moyo na mguu uleule wa jana. Akishinda atamshukuru mganga, na akishindwa atatafutwa mchezaji mwenziwe wa kubebeshwa tuhuma ya hujuma. Katika hali zote mbili hakuna atakayekaa kitako kuuliza kwa nini beki wa kushoto alipitwa mara nne.

Sitaki nieleweke kwamba nausifu kila wasiwasi. Iko shaka juu ya kazi, na iko shaka juu ya nafsi, nazo hazifanani hata kidogo. Ajiulizaye kama amekimbia milima ya kutosha, kama amelala vya kutosha, kama ataweza kustahimili mwendo ukibadilika kilomita ya 35, maswali yake yana majibu, na majibu hayo yanapatikana kwa kazi. Lakini ajiulizaye kama yeye ni mtu wa thamani iwapo atashindwa, huyo hatapata jawabu katika mazoezi hata akikimbia usiku na mchana. Anahitaji mtu wa kusema naye, na wakati mwingine anahitaji kusimama. Simone Biles wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa mabingwa wa sarakasi za viungo, alijiondoa katika fainali kadhaa za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 alipoona kwamba akiwa hewani hajui tena mwili wake uko wapi, na wengi walimtukana kwa hilo. Mwaka 2024 alirejea Paris akachukua dhahabu tatu na fedha moja. Kama angelazimishwa kuonesha yakini asiyokuwa nayo, mahali ambapo kosa dogo huvunja shingo, tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Iko tena shaka ya tatu, ambayo vitabu vya nje haviitaji sana na ambayo sisi tunaijua. Mkimbiaji wa Mbulu au wa Babati asiye na mshahara, ambaye mbio moja ya barabarani huko ng'ambo ndiyo ada ya shule ya wadogo zake na bati la nyumba ya wazazi wake, hasumbuliwi na swali la kasi yake peke yake. Anajiuliza kama wakala atamlipa, kama akiumia goti kuna daktari atakayemtazama, kama viza itatoka kabla ya siku ya mbio. Hofu ya namna hiyo haimnoi mtu, inamla. Kaptagat, Kipchoge amekuwa chini ya mlezi mmoja, Patrick Sang, mshindi wa fedha wa Barcelona mwaka 1992 katika mbio za viunzi na maji, na ana kundi la wenziwe wanaokimbia pamoja, wanaokula pamoja na wanaofagia kambi kwa zamu. Katika mazingira kama hayo mtu anaweza kusema jioni kwamba leo miguu ilikataa, na akasikilizwa na mtu ajuaye la kufanya asubuhi. Shaka inahitaji mahali pa kusemwa na mtu wa kuambiwa. Wakimbiaji wetu wengi hawana mahali hapo wala mtu huyo, kisha tunawapa kipaza sauti siku ya bendera na kuwaambia waseme kwamba wako imara.

Na wakishindwa? Usemi unaonasibishwa na marehemu Rais Ali Hassan Mwinyi, kwamba mpira wetu umekuwa kichwa cha mwendawazimu ambacho kila mtu hujifunzia kunyoa, ulikuwa ni uchungu wa mzee aliyeipenda nchi yake. Lakini umma umeugeuza kuwa kisu, na kila timu irudipo na mabao mengi wavuni, au kila mkimbiaji ajitoapo njiani, kisu hicho hutolewa alani. Naamini lawama hiyo hupata makali yake katika ahadi iliyotangulia. Kijana hakuulizwa ukweli, akasema tulichotaka kusikia, nasi tunamhukumu kwa maneno tuliyomtia kinywani. Nimewaona wanariadha waliorudi na nafasi ya tano au ya saba ya dunia nzima, jambo ambalo katika mataifa yenye historia ya riadha lingepokewa kwa fakhari, wakipita uwanja wa ndege kama watu walioiba.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, na mwaka 2028 bendera itakabidhiwa tena kwa ajili ya safari ya Los Angeles. Sipendekezi hafla hiyo ifutwe, kwa kuwa bendera ina adhama yake na kijana anastahili kuipokea mbele ya watu. Napendekeza ahadi iondolewe. Mazungumzo na wachezaji yafanyike kambini, mwaka mmoja au nusu mwaka kabla, kati yao na wale wenye madaraka ya fedha, wakati ambapo jawabu la kusikitisha bado linaweza kurekebishwa: mtu aseme kwamba hana wa kukimbia naye, apatiwe, aseme kwamba hajapata kushindana katika joto la namna ile, apelekwe mahali pa joto, aseme kwamba tangu aumie mwaka jana anaiogopa miteremko, awepo daktari wa mwili na mtaalamu wa nafsi, na wote wawili wawemo katika msafara kwa haki, si kwa hisani ya nafasi iliyobaki baada ya viongozi kujaza viti. Shirikisho la Riadha, Kamati ya Olimpiki na Baraza la Michezo la Taifa yana uwezo wa kulianza jambo hili mwaka huu bila ya kungoja sheria mpya. Ama sisi waandishi, tunao wajibu wetu usiohitaji bajeti: siku ya bendera, badala ya kumwuliza nahodha wataleta medali ngapi, tumwulize ni sehemu ipi ya mashindano haya inayomtia wasiwasi na wameifanyia kazi gani, kisha tulichapishe jawabu lake kama alivyolitoa, hata likiwa refu, na hata kama hamna ahadi yoyote ndani yake.